Gharib na Mbata Nyeupe

Gharib wa Barka alikausha mbata za nyumba yetu kwa miaka ishirini na sita. Nazi zilitoka shamba la mume wangu, marhumu Badawi. Gharib alizipasua, akazipanga juu ya chaga, akawasha moto wa vifuu chini yake na kukaa hapo siku saba akizigeuza. Mbata zake zilikuwa na rangi ya kahawa, na ukiikunja moja ilikatika kwa mlio. Magunia yetu yaliandikwa herufi ba, ya Badawi, kwa rangi nyeusi, na wanunuzi wa Mombasa hawakuwa na haja ya kuyafungua.

Mwaka wa 1954 serikali ilileta madaraja ya ubora wa mbata. Bwana Wazir, kijana wa hapa kwetu Amu aliyerudi kutoka mafunzoni, aliwekwa forodhani kukagua. Kanuni aliyopewa ilikuwa rangi: mbata nyeupe daraja la kwanza, ya kahawa la tatu. Magunia yetu yakapigwa muhuri wa tatu. Wiki hiyo hiyo, kwenye harusi, mwanamke mmoja aliniuliza kama nyumba ya Badawi siku hizi huuza makaa.

Sikutulia tena. Nilimwita Gharib, nikamsomea kanuni.

"Zianike juani, juu ya sakafu ya paa la nyumba yangu. Siku tatu."

"Bi Radhiya, yua la siku tatu hukausha nde tu. Na sakafu ile ina chokaa mpya, ingali yatoka maji."

"Serikali haikuuliza ndani."

"Serikali haina nazi," alisema. "Haya, ntaanika."

Zilitoka nyeupe, na vumbi la chokaa likazizidishia weupe. Wazir alipiga muhuri wa kwanza. Magunia thelathini yakaingia ghala la forodha kungoja chombo cha Alhamisi.

Jumanne Gharib alikuja na kipande cha mbata alichokibakisha. Alikikunja mbele yangu. Hakikukatika, kilipinda kama ngozi.

"Zitaoza ndiani. Nipa ruhusa nikazirudishe."

Nilimwambia kwamba gunia lenye muhuri likirudi, mji mzima utajua herufi ba ilipita kwa hila. Nikamkataza kwenda.

Akaenda. Mbele ya wachukuzi wote alimwambia Wazir, "Mbata zile mbovu. Nimezianika vibaya mimi. Mwenye mali hana habari."

"Muhuri ni wangu," Wazir alisema. "Waja kunifundisha kazi?"

"La, bwana. Kunja moya tu."

Wazir alikunja, ikapinda. Kisha akafungua magunia yote, akaandika kitabuni kwamba Gharib wa Barka hafai kukausha mbata za kuuzwa. Jina letu hakuliandika. Watu walisema fundi amemlaghai mjane, nami nikawaacha waseme.

Miaka miwili baadaye kanuni ilibadilishwa. Sasa kila gunia hufunguliwa na mbata huvunjwa; rangi haiangaliwi. Mbata ya moshi ikapanda daraja la kwanza, lakini jina la Gharib likabaki kitabuni. Nilimwita Wazir, nikazungumza naye nikiwa nyuma ya pazia.

"Andika kwamba amri ilikuwa yangu."

"Bi Radhiya, kitabu kina mahali pa kuandika kosa. Pa kufuta sikupewa."

Nikaandika barua kwa mkono wangu kwa wakubwa wake, nikatia jina la marhumu na langu. Haikujibiwa. Nimeandika ya pili, na ya tatu.

Gharib alipopata habari alikuja amenuna. "Miaka miwili nimesema urongo kwa ajili ya nyumba hini. Leo mwanifanya mrongo kwa barua."

"Ndivyo ulivyo."

Alicheka kidogo, akaenda zake. Siku hizi anamkaushia Bwana Athman, muuza mbata mwingine, uani kwake, bila kutajwa. Magunia yanatoka kwa alama ya Athman, daraja la kwanza, na Wazir anajua fika ni mkono wa nani.

Magunia ya herufi ba mwaka huu hayakutoka. Wamekuja watatu kuomba kazi ya kukausha nami nimewarudisha. Sitaweka mtu mwingine kwenye chaga ile mpaka jina la Gharib litoke kitabuni. Nazi zimerundikwa uani na zimeanza kuota.