Fahali wa Osiako Kwenye Chemchemi

Mwalimu Zilpah Shikanga hakuwa mtu wa kunyamaza. Alizaliwa Mautuma, kwenye mashamba ya mahindi, akaolewa Malinya, na tangu afike alikuwa akigombana na watu juu ya maji. Mumewe alipenda kusema kwamba alitoa mahari ya mke mmoja, akaletewa kamati nzima.

Kiangazi cha mwaka huu kilimkuta akifundisha gredi ya tano. Vijito vilikuwa vimekauka. Ilibaki chemchemi iliyo chini ya uwanja wa kupiganisha fahali, yenye bomba moja linalotoa maji membamba, na akina mama walipanga ndoo zao hapo tangu alfajiri. Balaa ilikuwa Jumamosi za mapigano ya fahali. Wageni walikuja kwa magari kutoka Kisumu na hata Nairobi, na Wazungu wawili watatu wenye kamera. Kuja kwao hakukuwa na ubaya, maana walinunua chai na mandazi na kijiji kikapata riziki. Ubaya ulikuwa kwamba wakishapiga picha waliteremka kwenye chemchemi kuosha magari na viatu, wakaacha chupa za plastiki zikielea. Wenyeji waliona haya kumkemea mgeni, wakanung'unika wakiwa jikoni.

Zilpah akaligeuza jambo hilo kuwa somo. Asubuhi moja aliingia darasani na mtungi wa maji, akautua mezani.

"Haya ndiyo maji yetu ya leo," alisema. "Ya kunywa, ya kunawa, ya kupiga deki. Mengine hakuna."

Kabla ya chakula cha mchana mtungi ulikuwa mkavu na watoto walikuwa wakirushiana lawama kuliko wabunge. Nani alinawa mara mbili? Nani alimwagia ua maji ya kunywa? Walipotulia akawauliza mgeni naye apewe maji gani. Walibishana sana, mwishowe wakaandika kibao: KARIBU MALINYA. MAJI YA KUNYWA OMBA, UTAPEWA. GARI OSHA KWENU.

Mwalimu mkuu aliwaruhusu kusimama na kibao chao kwenye chemchemi Jumamosi, lakini alimwonya Zilpah kwamba likitokea la kutokea, atalibeba yeye. Zilpah akawaagiza watoto, "Semeni kwa adabu, lakini msibanduke." Aliwaza magari na pikipiki. Fahali hakumwaza hata kidogo.

Jumamosi mambo yalianza vizuri mno. Madereva walisoma kibao, wakacheka, wengine wakageuza magari kwa aibu. Zilpah akapanda uwanjani kuwaonyesha wageni gunia la kutilia chupa. Alikuwa huko aliposikia ngoma za isukuti zikiteremka, badala ya kupanda. Mzee Osiako alikuwa akimpeleka fahali wake, Tyson, kuogeshwa ili ang'ae mbele ya kamera. Kundi zima lilimfuata likiimba.

Mbele ya bomba alisimama Khalayi peke yake, msichana mwembamba wa gredi ya tano, mikono ameitanua. Wenzake walikuwa wameshatawanyika.

Zilpah alikimbia. Kiatu kimoja kilimvuka njiani, akakiacha. Nimemuua mtoto wa watu, alijiambia, nimemuua kwa mdomo wangu.

"Toka hapo!" Osiako alifoka, akivuta kamba. "Tyson anaoganga hapa kila wakati!"

"Pole, kuka," Khalayi alisema, akimwita kama alivyomwita babu yake. "Kunywa anaweza. Kuoga hapana."

Ngoma zikanyamaza. Tyson alikwaruza ardhi kwa kwato, akashusha pembe. Osiako aliacha kufoka, uso ukambadilika, kwa sababu alimjua fahali wake. Akaishika kamba kwa mikono miwili na kuanza kumsemesha polepole. Khalayi, kwa mguu tu, alilisukuma mbele karai la maji lililokuwa chini ya bomba. Fahali akalinusa, akapuliza, kisha akanywa mpaka likabaki tupu.

Osiako akamgeuza taratibu, akapangusa jasho.

"Leo Tyson atapigana akiwa na matope yake," aliwaambia watu. "Na nyinyi wenye magari, mmesikia mtoto."

Zilpah alifika, akamshika Khalayi mabega, akamtikisa, akamkumbatia, akampapasa mikono na mbavu kuhakikisha yuko mzima. Alimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya Wazungu na kamera zao, wala hakujali. Moyo ulipoanza kutulia, fahari kidogo ikaingia. Kumbe somo lilikuwa limeingia kiasi hicho!

"Kwani hukuogopa?" aliuliza.

"Niliogopa sana, Mwalimu."

"Basi mbona hukukimbia na wenzako? Ni kwa sababu nilisema msibanduke?"

Khalayi alitikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye foleni ya ndoo.

"Ndoo yetu ndiyo ilikuwa inafuata. Mama amejifungua juzi, na nyumbani hakuna hata tone."

Zilpah alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope, machozi yakimtoka. Kisha akainuka, akaikinga ile ndoo kwenye bomba mpaka ikajaa, akajitwika mwenyewe na kupanda kilima na kiatu kimoja, mtoto akiongoza njia ya kwao.