Uso Chini ya Msiro

Sisahau uso. Nikimwona mtu mara moja tu, hata kama alikuwa akipita zake akitafuna muhogo, nitamjua akirudi na ndevu. Utotoni nilidhani kila mtu yuko hivyo. Nikawa nawachangamkia watu sokoni Olumbi, nao wananikazia macho: "Tumeonana wapi?" Baadaye nikajifunza kujitia simjui mtu. Ni upweke mbaya huo, kuwajua watu wote na kunyamaza.

Vita vilitutawanya. Watu walipoanza kurudi bila vitambulisho, walinzi wa kizuizi cha barabarani wakaniweka kitini kando yao. Gari likisimama wananiuliza, "Mana," yaani dada, "huyu wa hapa?" Nikisema ndiyo, anapita. Watu walinikumbatia wakilia, kisha wakaanza kunikwepa, maana anayekutambua anaweza pia kukuchongea. Nikiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Iliniudhi sana. Sijamchongea mtu mimi.

Sikukiacha kile kiti kwa sababu ya mdogo wangu. Tulipotezana siku ya kukimbia, akiwa bado na meno ya utoto. Kila gari nilimtafuta yeye kwanza.

Akaja asubuhi moja juu ya gari la mizigo, msichana mzima, uso wote mweupe kwa msiro, ule mti tunaosaga juu ya jiwe na kujipaka. Walinzi walitaka anawe kwanza.

"Mwacheni," nikasema. "Mdogo wangu huyo."

Akanitazama kwa woga. "Shikamoo. Tumeonana wapi, dada?"

"Nyumbani."

Nilimtajia mbuzi wetu mwenye pembe moja, na hapo ndipo alipolia. Mbuzi alimkumbuka. Mimi hakunikumbuka.

Sasa tunaishi wote. Ananiamkia kila siku, ananiita dada kwa adabu ileile anayompa mke wa mwenye duka. Sura yako ya zamani sina kabisa, aliniambia, na alinihurumia kweli. Nikajiambia itamwingia hii ya sasa, taratibu.

Ijumaa nilijipaka msiro, nikaenda sokoni. Nilimwona mdogo wangu tangu yuko mbali, nikasimama kumngoja, nimeshatabasamu. Alinipita karibu mno hata kanga zetu zikagusana, akaenda zake kuchagua dagaa.