Swali la Tisa

Walikuwa vijana sita wa Temeke, na kazi yao ilikuwa kuwahoji wenzao kuhusu maisha ya nyumbani. Mimi ndiye niliyewafundisha. Kila asubuhi niliwaambia, "Nyie si wasaidizi wangu. Nyie ni watafiti kama mimi." Niliamini ninachosema.

Siku ya mwisho ya mafunzo, mmoja wao, binti fundi wa kushona nguo kibarazani kwao, alinyoosha mkono.

"Dada, mie naomba swali la tisa litoke."

Swali la tisa lilimtaka mhojiwa aseme kama kuna mtu anampiga nyumbani, na ni nani.

"Kwa nini litoke?"

"Nyumba zetu za kupanga hazina dari. Ukipiga chafya chumba hiki, cha nne wanakupa pole. Mtu akijibu, keshasikika."

Nikamweleza kwamba dodoso limeshapitishwa, halibadilishwi. "Mwambie aongee taratibu," nikasema. Hakubisha tena.

Wiki iliyofuata alimhoji msichana wa mtaa wa pili, aliyekuwa akiishi kwa mjomba wake. Siku mbili baadaye akanipigia simu.

"Dada, kafukuzwa. Begi lake limetupwa nje. Simu haipatikani."

Tulikwenda pamoja. Mjomba alitukaribisha vizuri tu. "Karudi kwao kusini," alisema. Mkewe alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Tukatoa taarifa serikali ya mtaa, kisha polisi, dawati la jinsia. Tukasikia yupo Goba kwa rafiki yake. Tukapanda na kushuka vile vilima tukiuliza mlango kwa mlango. Hakuna aliyemjua. Kusini nako, ndugu zake walisema hajafika.

Mazungumzo yale yalibaki kwenye rekoda, na kuyaandika ilikuwa kazi yangu. Msichana anajibu kwa kunong'ona: ni mjomba. Halafu redio ya chumba cha pili, iliyokuwa ikiimba muda wote, inazimwa. Yeye hajagundua. Anaendelea kueleza, na ng'ambo ya ukuta pako kimya kabisa. Nimeusikiliza ukimya huo mara nyingi kuliko maneno yake.

Rekoda hiyo aliileta ofisini binti mwenyewe. Nikamwomba anisamehe.

"Aliyeuliza ni mie, dada," akasema. "Aliniamini mie."

Niliandika kwenye ripoti kwamba alituonya na sikumsikiliza. Wakubwa wangu waliiondoa sentensi hiyo. Nikairudisha, wakaiondoa tena.

Binti bado anashona. Tunasalimiana kwa simu, lakini hatuzungumzii jambo lile. Mwezi uliopita tu ndipo aliponiambia kamwona yule msichana, anauza mihogo ya kukaanga Pugu, karibu na stendi. Niliacha kila kitu nikaenda naye. Tulisimama mbali kidogo, tukamtazama yule dada akigeuza mihogo, mpaka alipoinua kichwa.

Hakuwa yeye. Akatuuliza kama atuwekee pilipili. Tukasema ndiyo, tukala palepale tumesimama, hakuna aliyemtazama mwenzake.