Tonge la Mama Ubaoni

Mchonga picha wa Kifaransa aliyepanga chumba cha uani kwetu Likombe alisema wazi kuwa kitabu alichokuja kukipamba Mtwara kingekuwa cha mwisho. Macho yalikuwa yanaingia ukungu. Ujanani, huko kwao, alichonga picha za hadithi za watoto, za vitabu vya mimea, hata za kalenda za wauza dawa. Kisha zikaja mashine za kuchapa fotografia, na wachapaji wakaacha kumbishia hodi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, alipotafutwa mtu wa kupamba kitabu cha elimu ya watu wazima, akaja na sanduku lake la patasi nyembamba mithili ya sindano za kushonea magunia.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa hilo, na mama yangu mzazi alikuwa mwanafunzi wangu, tena mbishi. Nilipomwambia mzee yule Mfaransa anataka kumchora akila, alicheka mpaka akakaa chini. Maishani mwake hakuwahi kupigwa picha. Lakini siku ilipofika alivaa kanga mpya, akaketi mkekani mbele ya ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki, akamega tonge, akatulia nalo mkononi hadi likapoa.

Mzee alichonga kwenye ubao wa mpingo alioupata kwa wachonga vinyago, pua ikikaribia kugusa mti. Masika yakaja, yakaisha. Kinachochongwa kulia hutokea kushoto karatasini, kwa hiyo herufi alizichonga kinyume, na hakukosea hata moja. Watu hakuwageuza. Kwao, nadhani, mtu akila hakuna anayeutazama mkono.

Siku ya kujaribu alipaka ubao wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, akaibandua. Alikuwa mama kabisa: mkunjo wa paji lake, midomo yake inayojizuia kucheka. Darasa zima likasogea. Kisha mkulima mmoja wa korosho akakohoa, akauliza kwa upole kama huyu mwanamke hakufunzwa kwao. Tonge lilikuwa katika mkono wa kushoto, mkono ambao kwetu una kazi nyingine, na kila mtu anaijua.

"Mzee," mama akasema, "mie nala kwa kushoto?"

Hakuna aliyemgombeza. Lakini kitabu kile kingechekwa kila kijiji, Ziwani hadi Mahurunga, na mzee alilielewa hilo kabla sijamaliza kumfasiria. Aliinamisha kichwa, akaenda chumbani. Tukadhani amekwenda kupumzika. Kumbe alichukua randa, akaupiga ubao mpaka ukabaki mtupu, mweusi, unang'aa, na unga wa mpingo umemjaa miguuni. Alisema atamchonga mama upya, safari hii kwa mkono wa kulia.

Hakuweza. Patasi zilianza kuteleza, zikamkata vidole, na macho yakagoma kabisa. Alipandishwa ndege kurudi kwao akiwa ameshikwa mkono. Kitabu kilitoka na picha za mtu mwingine, zilizochorwa harakaharaka, na mama akakisoma chote huku akijitafuta.

"Ningejua ataukwangua ubao, ningenyamaza," aliniambia alipokifunga. "Ningekula kwa kushoto."

Sasa mama hayupo. Iliyobaki ni karatasi ile ya kujaribia, aliyoikunja akaificha kwenye sanduku la kanga zake. Inaniuma kuitazama, na bado naitazama. Juzi niliishika dirishani kwa upande wa nyuma, mwanga ukapenya. Tonge likahamia mkono wa kulia, na mama akawa anakula kama alivyokula siku zote. Mzee alikuwa amemwona sawasawa. Laiti mmoja wetu angemshikia karatasi hivi siku ile, kabla hajaigusa randa.