Programu Iliyosemekana Imetoka Nairobi

Programu ya mkia wa njiwa niliiandika mimi. Nilikana kwa karibu miaka miwili, mbele ya wakubwa zangu wote wawili, na kwa uso mkavu kabisa.

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mbao pale Kericho, miaka ya tisini, nilifika na viatu vya kisigino na shahada ya hisabati. Msimamizi wa karakana, Mzee Odhiambo, aliyehamia huku kutoka kando ya ziwa akiwa kijana, alinitazama miguuni.

"Madam, hapa tunakanyaga maranda. Hiyo hesabu yako inajua kufagia?"

Haikujua, lakini nilifagia.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa ajili ya mashine ya CNC, ambayo hukata mbao kwa kufuata maagizo ya kompyuta. Biti, yaani kile chuma cha kukatia, huzunguka kwa kasi, na programu huiambia ipite wapi: X ni kushoto na kulia, Y ni mbele na nyuma, Z ni juu na chini. Programu zilitumwa kwa disketi na wakala wa Nairobi aliyetuuzia mashine. Kazi yangu ilikuwa kuingiza disketi. Chuo kikuu kilichukua miaka minne kunitayarisha.

Kiwanda kimoja cha chai kikaagiza visanduku vya zawadi vya mbao za saiprasi. Kifuniko kilitakiwa kuteleza ndani ya mfereji wa mkia wa njiwa: mwembamba mdomoni, mpana chini, ili kisiweze kung'oka kwa juu. Mfereji wenyewe ulikuwa wazi upande mmoja tu. Programu ya wakala ilikata vizuri hadi mwisho uliozibwa, kisha ikainua biti moja kwa moja. Pah! Midomo ya mfereji ikararuka. Kila kisanduku kilitoka na mapengo.

"Wateja wanakuja Ijumaa," Meneja akasema. "Wakikuta mapengo, hii mashine inarudi Nairobi. Na wewe Madam unapanda lori nayo, uishikilie isianguke."

Tulipowapigia wakala, wakasema watatazama.

"Mzee, wacha niandike upya," nikamwomba msimamizi.

"Wewe? Mashine ya bei ya shamba la chai? Ngoja Nairobi."

Sikungoja. Saa ya chakula, wenzangu wakila githeri, niliandika. Biti ya mkia wa njiwa ina kitako kipana kuliko shingo, kwa hiyo ikishaingia haiwezi kupandia katikati ya mbao. Niliagiza biti ya kawaida ipunguze mbao kwanza. Ile nyingine ikaanzia nje ya ukingo, tayari imeshuka kina chake, ikaingia kwa ubavu hadi mwisho, ikarudi kwa njia ile ile, ikapanda ilipokuwa nje kabisa. Nikaihifadhi kwenye disketi yenye nembo ya wakala.

"Imetoka Nairobi?" Mzee akauliza.

"Imetoka Nairobi."

Kifuniko kikateleza kama mursik, yale maziwa ya mgando, kooni. Mzee alikivuta na kukirudisha mpaka Meneja akamnyang'anya.

"Unaona?" Mzee akaniambia. "Hao ndio wasomi!"

Ijumaa wateja waliagiza visanduku vya msimu mzima. Mashine ikabaki, nami nikabaki. Tangu hapo kila programu niliyoandika "ilitoka Nairobi." Uongo wangu ulifanya kazi vizuri hata ukaelekea kupandishwa cheo bila mimi: Meneja aliamua kumwajiri huyo mtaalamu wa Nairobi awe Mkuu wa Programu, na mimi niwe msaidizi wake.

Sasa nimestaafu. Vijana walionirithi huchora tu, kompyuta ikajiandikia maagizo. Nikiwatembelea huwauliza swali moja: biti itatokea wapi? Wengine hucheka. Mbao hazicheki.

Siku ya kumwajiri mtaalamu, Meneja alituita ofisini, mimi na Mzee Odhiambo, akapiga simu kwa wakala.

"Namtaka yule mtu wenu wa mkia wa njiwa. Tajeni mshahara." Akasikiliza. "Vipi, hamna?" Akasikiliza tena. "Hata wateja wenu wengine wanararuliwa mbao? Na nyinyi mlidhani sisi ndio tulioiandika, kwa kuwa tuliacha kulalamika?"

Akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia.

"Wanasema mwandishi ni wetu. Wanaomba awafundishe."

Mzee Odhiambo aliinuka. Alivuta kiti cha wageni, akakipangusa kwa mkono wa koti lake, akanisogezea.

"Kaa, Madam. Usiwangojeshe watu wa Nairobi."

Nikapokea simu. "Halo," nikasema. "Ni mimi niliyeiandika."