Mkono wa Mukwe

Katika mtaa wa Kataki, mjini Kalemie, hakuna mama aliyetunza heshima ya wakwe kumshinda Mama Agathe. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, Mubembe aliyeshuka kutoka upande wa Fizi akiwa msichana, na mambo ya kwao aliyashika bila kupunguza hata moja. Siku binti yake Princesse alipoolewa na Symphorien, mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, Mama Agathe aliacha kabisa kupita njia ya mbele ya depo ya kuhifadhia samaki ya mkwe wake. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumpa mkono, hakula mbele yake, wala hakumtazama usoni. Wakikutana barabarani kwa bahati mbaya, mama aligeukia ukuta, na Symphorien, mtu mzima mwenye mabega mapana, alijifunika uso kwa kiganja mpaka mama apite. Waumini wenzake walimsifu kwa hilo. Yeye mwenyewe alijisifu pia, ila kimoyomoyo.

Alikuwa vilevile mjumbe wa afya wa mtaa. Ndiyo maana, mwaka ule ziwa lilipopanda na kumeza safu mbili za nyumba za ufukweni, alichaguliwa kufanya kazi na wachunguzi waliotoka chuo kikuu. Kiongozi wao, Daktari Nathanaël, alikuwa mtu mpole aliyesema polepole. Siku ya kwanza, katika ukumbi wa parokia, aliwaeleza kwamba walikuja kuchunguza moyo, lakini si moyo peke yake. Walitaka kujua mtu anakula na nani, amefiwa na nani, nyumba yake iko wapi tangu maji yapande, na shida ikimpata ana nani wa kumwambia. Alisema chumvi na mafuta vinaumiza moyo, na upweke nao unaumiza, ila upweke hauonekani kwenye sahani.

Kisha akawafundisha kupima tansio, yaani shinikizo la damu. Mtu akae dakika tano bila kusema. Mkono uwe wazi mpaka begani. Apimwe mara tatu.

“Na mwenyewe uone mkono,” alisema, akiwapitia mmoja mmoja kwa macho. “Namba ambayo haukuiona ikitoka kwenye mkono wa mutu, usiiandike. Ukikuta nyumba ya ndugu yako ao ya mukwe wako, uniambie. Mwingine ataenda.”

Kazi ilianza vizuri. Watu walicheka maswali. Mzee Toussaint, fundi baiskeli, alipoulizwa ni nani angemwita akipatwa na shida kubwa, alijibu bila kufikiri, “Bibi yangu wa kwanza. Anapendaka sana kusikia kama niko na matata.” Mama Agathe alicheka, akaandika, akamfunga kitambaa cha mashine mkononi. Ilitoka ishirini kwa kumi na mbili, juu kupita kiasi. Mzee aliendelea kutania, lakini yeye hakucheka tena. Jioni hiyo alianza kuelewa kwamba mtu anaweza kukaa mbele yako akitania huku damu inagonga ndani yake kama maji yanayotafuta ufa.

Baada ya wiki tatu alipewa orodha mpya ya nyumba zilizochaguliwa kwa kura. Ya nne kutoka juu ilikuwa ya Symphorien.

Alipaswa kusema palepale. Alijua hivyo. Lakini aliyekuwa akitumwa badala yao kwenye nyumba za ndugu ni Gauthier, kijana mwenye pikipiki na mdomo usiofungwa, na fomu ile ilikuwa na maswali mazito: mnagombana mara ngapi, umewahi kulia peke yako, unakula na familia yako ao unakula pekee. Mama Agathe alijua nyumba ya binti yake ilivyokuwa. Ziwa lilikuwa limechukua depo ya Symphorien pamoja na vyandarua vya kuanikia samaki. Mwezi uliofuata lilimchukua Caleb, mdogo wake, pamoja na boti walilokuwa wakisafirishia ndagala. Tangu hapo Symphorien alikaa kwenye nyumba ya kupanga juu kidogo ya mtaa, anakula peke yake nyuma ya mlango, na akiguswa bega anashtuka. Mama Agathe hakutaka mambo hayo yaingie mdomoni mwa Gauthier. Aliona ni aibu. Basi akaikunja orodha, akaitia kwenye mfuko pamoja na mashine, akaubana mfuko kifuani kama alivyozoea, akaenda mwenyewe.

Hakuingia. Aliketi kwenye kigoda nje ya uzio wa mabati, mgongo ukiwa umeelekea nyumba, akamwita Princesse. Binti alikuja mbio, mikono ikiwa myeupe kwa unga wa mihogo, maana alikuwa anachekecha unga wa kusongea bukari, ugali wa jioni. Mama alimpa mashine na kumwonyesha jinsi ya kukifunga kitambaa mkononi mwa mumewe. Maswali alimuuliza yeye, na Princesse alijibu kwa niaba ya mumewe. Anakula na nani? Na sisi wote. Ana mtu wa kumwambia shida? Ndiyo, wengi. Mama aliandika. Wote wawili walijua kwamba si kweli.

Princesse aliingia ndani. Mama Agathe alisubiri akitazama ziwa, ambalo lilionekana kati ya nyumba mbili, karibu zaidi kuliko juma lililopita. Alisikia sauti ya chini ya Symphorien, maneno machache, kisha kimya. Alisikia mashine ikivuma na kushusha pumzi. Ikavuma tena. Mara ya tatu.

“Kumi na moja kwa saba, Mama,” Princesse alisema, akiwa amesimama nyuma yake. “Mara tatu.”

Ilikuwa namba nzuri kuliko zote alizoandika mtaani. Mama Agathe alichukua mashine ili aikunje. Kwenye kitambaa, upande wa ndani unaogusa ngozi, palikuwa na unga wa mihogo.

Aliutazama ule unga. Symphorien hachekechi unga. Alikipangusa kitambaa kwa vidole viwili, polepole, mpaka kikawa safi. Kisha akashika kalamu akaandika: kumi na moja kwa saba.

Hatuna budi kusema jambo kama lilivyo. Heshima kwa mkwe ni jambo jema, na waliotulea hawakutudanganya walipotufundisha. Lakini pale nje ya uzio Mama Agathe hakuwa akimheshimu mtu. Alikuwa akiandika uongo, na uongo wenyewe ulihusu uhai.

Wiki mbili baadaye Mireille, muuguzi wa timu, alisimama katika ukumbi uleule akasoma majina ya watu kumi na saba ambao wangeanza dawa bila kungoja. Mzee Toussaint alikuwemo, akanyanyua mkono kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mama Agathe alisikiliza mpaka jina la mwisho. La Symphorien halikuwemo, wala lisingeweza kuwemo.

Ijumaa alikutana na Princesse sokoni. Binti alikuwa amekonda. Alimwambia kwamba Symphorien anafunga kichwa kwa kitambaa tangu asubuhi, anasema ni kama mtu anapigilia misumari ndani, na juzi damu ilimtoka puani mpaka ikalowesha shati. Alikataa kwenda hospitali. Alisema atakwenda baada ya boti la Kigoma kufika, akishapokea magunia yake.

Kisha Princesse akainamisha kichwa.

“Mama, ile siku alikataa. Alisema kile kitambaa cha mashine kimelala kwa kifua ya mama-mukwe, hawezi kukivaa. Nikaona haya kukurudishia. Ule mukono ulikuwa wangu.”

“Nilijua,” Mama Agathe alisema.

Princesse alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Akachukua kikapu chake akaondoka, na mama alibaki amesimama kati ya mafungu ya sombe, majani ya mihogo, huku watu wakimpita.

Angeweza kwenda kwa daktari saa ileile. Ukumbi wa parokia haukuwa mbali. Lakini alijiambia kwamba siku ya Ijumaa daktari huwa na mambo mengi, kwamba Jumamosi kuna mazoezi ya kwaya, kwamba Jumapili ni siku ya Bwana. Aliimba Jumapili nzima, na sauti yake ilikuwa nzuri. Kila waliponyamaza alisikia ile mashine ikivuma nyuma ya mgongo wake.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alisimama mbele ya meza ya Daktari Nathanaël akaweka fomu mezani. Alisema yote kwa mpangilio: orodha, uzio, unga. Alikuwa amejitayarisha kukaripiwa. Daktari hakumkaripia. Alisoma namba, akauliza damu ya puani ilitoka lini, kisha akasimama na kuchukua mfuko wake.

“Nyumba ngapi zingine ulikaa nje, Mama?”

“Mbili. Za wazee wa upande wa mume wangu.”

“Mireille atazirudilia leo. Sisi twende.”

Gauthier aliwabeba wote wawili kwenye pikipiki moja. Walipofika uzio ulikuwa wazi. Boti la Kigoma lilikuwa limeingia tangu alfajiri, na Symphorien alikuwa ameshabeba magunia matatu kutoka bandarini. La nne lilikuwa limepasuka katikati ya ua, ndagala zimemwagika, naye amelala upande mmoja juu yake. Princesse alikuwa amepiga magoti, anamwita jina. Mdomo wa Symphorien ulikuwa umevutwa upande mmoja. Jicho moja lilikuwa wazi.

Daktari alimshika kichwa na mabega ili asikose pumzi. “Mama, mashine,” alisema.

Mama Agathe aliingia ndani ya uzio. Symphorien alimwona. Alijaribu kuinua mkono wa kuume ili ajifunike uso, kama siku zote, na mkono haukuinuka. Mama alipiga magoti kati ya ndagala, akapandisha shati mpaka begani, akafunga kitambaa kwenye ule mkono. Ulikuwa wa moto na mzito. Alisubiri mashine ivume. Safari hii aliitazama namba ikitoka.

“Ishirini na tatu kwa kumi na nne,” alisema.

Hakufa. Alikaa hospitali siku kumi na tisa, akarudi nyumbani akiwa ameegemea Princesse. Mkono wa kuume haukurudi, wala maneno, isipokuwa mawili matatu. Katika zile nyumba mbili hakukutwa hatari. Fomu ya Symphorien ilifutwa kwa wino mwekundu, na Mama Agathe alirudisha mashine na mfuko kwa hiari yake, kabla ya kuombwa. Kanisani bado wanampisha nafasi ya mbele. Siku hizi anakaa nyuma.

Princesse ndiye anayeuza ndagala sasa, kwa hiyo mchana wote nyumba haina mtu mwingine. Kila asubuhi Mama Agathe anaingia kwa mkwe wake na mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo. Anaketi kwenye ukingo wa kitanda, anauchukua ule mkono kwenye mapaja yake, anausugua kuanzia bega mpaka vidole, kama Mireille alivyomwonyesha. Mireille hupita kila Alhamisi na mashine yake, na namba bado haijashuka anavyotaka. Alhamisi iliyopita ilipanda. Maji nayo yamefika kwenye nyumba ya tatu chini yao.

Symphorien hamtazami. Mama akiingia tu, yeye huinua mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi, anajifunika uso, na anaendelea kujifunika mpaka mama amalize na kutoka.