Ubeti wa Sufuria

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu ni Ijumaa moja niliyoombwa kuandika ubeti wa wimbo wa mpira, nikakubali. Ningeweza kusema hapana. Ni neno dogo, na mdomo nilikuwa nao. Lakini nilisema, "Leteni karatasi."

Wakati huo nilikuwa karani katika maghala ya bandari, Kurasini. Nilikuwa kijana wa Masasi mwenye cheti cha sekondari na suruali ya bugaluu, nikajiona mtu wa maana. Nilipanga chumba Temeke. Nyumba ya pili alikaa Maulidi, mzaliwa wa hapo hapo, kuli wa bandarini siku za kazi na mwimbaji wa bendi ya dansi siku za mapumziko. Alipotaka kumwoa Zaituni, binti wa Kurasini, alinituma mimi niwe mshenga wake. Wazee wake walinung'unika kwamba mtu wa Masasi ataijuaje adabu ya posa ya Pwani. Maulidi akawajibu, "Huyu anaandika barua nzuri, na mdomo wake una kufuli."

Labda ninyi wa siku hizi hamjui kwamba kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Wenzio wakigombana, unaitwa wewe. Ndivyo nilivyoitwa siku Zaituni alipoondoka nyumbani.

Sababu ilikuwa wali. Siku zile mchele tuliupangia foleni duka la ushirika, na Zaituni alikuwa amesimama tangu alfajiri. Akaupata, akabandika. Mara Maulidi akaingia na bendi nzima, watu saba, bila taarifa, na haikuwa mara ya kwanza. Zaituni aliipua sufuria, akaiweka kichwani juu ya kata, akatoka nayo uani hadi kwa shangazi yake Kurasini. Wanamuziki walibaki wanatazama makaa.

"Shemeji, nimefika wali uko nusu," aliniambia nilipomfuata huko, huku analia na kucheka. "Tumeumalizia kwenye jiko la shangazi, tukala wenyewe."

"Na hao saba?"

"Si wana magitaa? Wayatafune!" Kisha akanishika mkono. "Ila hili la sufuria lisitoke hapa. Mtaa ukilipata, nitaitwa Mama Sufuria mpaka naingia kaburini."

Niliapa. Maulidi naye aliwaapisha wenzake, nao wakatunza siri, maana hata wao walikuwa na aibu yao.

Kwa huzuni yake Maulidi alitunga wimbo. Haukuwa na maneno mengi. Yeye alikuwa akiimba, "Zaituni, mlango sijaufunga," na wenzake wanaitikia, "Rudi, rudi nyumbani." Redio ikaupiga. Shangazi akaongeza sauti. Baada ya juma moja nilimrudisha Zaituni kwake, nami nikala wali, safari hii ulioiva.

Sasa sikia jinsi wimbo wa mapenzi unavyogeuka wa mpira. Hakuna mkutano unaokaa ukapiga kura. Jumamosi moja timu yetu ya Temeke ilicheza na ya Kinondoni, sisi tumejaa upande wa jua, na golikipa wao akapitishiwa mpira katikati ya miguu. Kabla hatujamaliza kurukaruka, muuza viazi mmoja mrefu akatoa sauti, taratibu, kama mtu anayebembeleza: "Mlango sijaufungaaa..." Uwanja mzima ukaitikia, "Rudi, rudi nyumbani!" Golikipa mwenyewe alicheka. Tangu siku hiyo wimbo ukawa wetu. Ulikuwa na mwitikio, ulikwenda polepole kiasi cha kuimbika mkitembea kurudi nyumbani, na neno lake moja lilifunguka pande mbili. Yatosha hayo. Maulidi alifurahi kupita kiasi. Alikuwa akiniambia kazini, "Karani, makuli wenzangu wananiimbia wimbo wangu mwenyewe, tena wananikosoa!"

Basi, tulipangwa tena na Kinondoni. Mchezo wao uliotangulia, na timu nyingine, walikuwa wamesusia penalti, wakatoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Chande, mpiga ngoma wetu, akanijia ile Ijumaa na wenzake wawili.

"Wewe ndiye mwenye kalamu," akasema. "Wimbo wetu umeishia mlangoni. Tupe ubeti wa hawa watoro."

Ningeweza kuandika juu ya bata, juu ya gari bovu, juu ya chochote. Lakini mtu anayetoka kabla mambo hayajaisha nilimjua mmoja tu, na picha yake ilikuwa tamu mno kuiacha. Nikaandika:

*Kaondoka na sufuria,*
*wali haujaiva,*
*kaacha jiko la moto*
*na wageni wana njaa.*

Chande alisoma, akajipiga paja. "Sufuria! Na kombe la mwaka jana si wamelibeba wao? Karani, wewe ni hatari!" Sikuwa nimelifikiria kombe, lakini nilitabasamu kama niliyelifikiria. Sifa zile zilinilevya. Nilijiambia hakuna atakayejua, maana jina la Zaituni halimo kwenye ubeti huo. Nililisahau lililomo kwenye wimbo.

Kesho yake, nilipofika upande wa jua, nilimwona Maulidi na Zaituni kando yake. Zaituni hakuwahi kuja mpirani. Alikuwa amevaa khanga mpya, doti nzima, amekuja kulisikia jina lake likiimbwa na umati. Aliponiona akanipungia mkono. "Shemeji! Leo nami nimo!"

Nilitaka kumkimbilia Chande. Ngoma ikanitangulia.

Ubeti wa kwanza Zaituni aliuimba pamoja nao, amejifunika nusu ya uso kwa haya. Ulipoanza wa pili, mdomo wake ulisimama. Maelfu ya watu, waliofundishwa na Chande tangu asubuhi, waliimba sufuria yake, wakicheka. Akamgeukia mumewe.

"Umewaambia?"

"Mie? Wallahi sijamwambia mtu!"

Chande, kwa furaha yake tu, akaninyooshea fimbo ya ngoma. "Mshukuruni karani wetu! Mkono wake huo!"

Zaituni alijifunga khanga vizuri, akapita katikati ya watu, akaondoka. Maulidi alinitazama. Hakutukana. Alisema tu, "Nilikuwa nawaambia wazee una kufuli," akamfuata mkewe.

Niliuacha mpira, nikaenda Kurasini kwa miguu. Niliwakuta kwa shangazi, mume barazani, mke ndani. Nilisema yote: kwamba siri niliitoa mimi, kwamba Maulidi hakujua, na kwamba niliitoa ili nisifiwe. Zaituni alitoka barazani.

"Ungeniomba, shemeji," akasema, "labda ningekupa mwenyewe. Sasa umeiba." Kisha akamwambia mumewe, "Twende nyumbani."

Jina la Mama Sufuria lilimpata kabla ya Jumatatu. Lakini yule mwanamke alikuwa na moyo. Alilibeba kama alivyoibeba ile sufuria, na baadaye alipoanza kupika chakula sokoni Mabibo, alimwambia fundi aliandike ubaoni kwa rangi nyekundu. Hata mimi alinisamehe. Nimekula pale mara nyingi, na aliniongezea mchuzi.

Mpira naupenda bado. Wajukuu wakiwasha luninga, nikasikia vijana wameuteka wimbo wa dansi na kuugeuza wa kumcheka beki, mguu wangu unatikisika wenyewe. Tekeni nyimbo, mwanangu. Mtaniane na wapinzani mpaka sauti zikauke. Wimbo ukishatolewa hadharani ni wa kila mwenye koo. Lakini jambo uliloambiwa ndani ya nyumba ya mtu, umeshikwa mkono, halikuwa wimbo na si lako kulitunga, hata kama linaingia kwenye mizani. Ukiishika kalamu, jiulize nani atajitambua. Mungu akupe sauti ya kushangilia, akupe na watu wasioogopa kusema mbele yako.

Maana mimi, ule ubeti ulinigharimu Maulidi. Wimbo wake hakuuimba tena. Tulikaa majirani miaka mingi, tukasalimiana kila asubuhi, tukaulizana hali, na hakuniambia tena neno la nyumbani kwake. Alipougua, sikujua. Habari za msiba niliambiwa na balozi wa nyumba kumi, mlango kwa mlango, pamoja na watu wengine wa mtaa.